Ukubwa wa dau kwenye meza za poka za dola 1 na 3: mwongozo kamili

Kwenye vyumba vingi vya poka Marekani, Las Vegas ikiwemo, meza ya chini kabisa ya Texas Hold'em isiyo na kikomo huwa ya dola 1 na 2 au dola 1 na 3. Hapo utamkuta mstaafu, dereva wa malori, mtalii wa siku mbili na kijana aliyejifunza mchezo kwenye simu. Hawafanani kwa lolote ila kwa tabia moja: hawapendi kutupa karata. Wamesafiri, wamepanga foleni ya kupata kiti, na mtu akishapata jozi anataka kuona mwisho wake.

Tabia hiyo ndiyo inayopaswa kuamua ukubwa wa madau yako. Vitabu na video nyingi za poka huandikwa kwa ajili ya wapinzani wanaojua kutupa karata, na madau yake madogo yanafaa kwa watu hao. Kwenye meza ya dola 1 na 3 swali ni jingine: huyu mwenye karata dhaifu kuliko zangu yuko tayari kulipa bei gani ili aendelee? Ukilijibu vizuri hilo swali, umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi.

Tuelewane kwanza kwenye maneno. Dola 1 na dola 3 ni madau ya lazima, ambayo watu wawili huyaweka kabla ya karata kugawiwa. Kila mchezaji hupewa karata mbili zake (A-A ni jozi ya A), na huziunganisha na zile za mezani. Poti ni fedha zote zilizokwisha ingia katikati ya meza. Kupita ni kuacha zamu yako bila kuweka dau. Kufuata ni kulipa dau la mwenzako, kupandisha ni kuliongeza. Flopi ni karata tatu za kwanza zinazofunuliwa mezani, kisha inakuja karata ya nne, halafu ya tano. Mtaji ni chipu ulizonazo mbele yako. Mkwara ni dau la kumtisha mtu ukiwa huna kitu. Mifano yote hapa ni ya meza ya dola 1 na 3, mtaji wa dola 300. Ukicheza Nairobi kwa shilingi, hesabu ni ile ile, maana kinachohesabiwa ni uwiano wa dau na poti. Na mtaji huo uwe hela ambayo ikiondoka hakuna kodi ya nyumba wala ada ya mtoto itakayokwama. Mtu anayeogopa kupoteza chipu zake huweka madau ya woga, na hakuna mwongozo unaoweza kumsaidia.

Hatua ya 1: Jua poti ina kiasi gani, kila wakati

Kwenye simu programu inakuandikia kiasi. Mezani hakuna anayekuhesabia. Katika mchezo usio na kikomo mgawaji hakutajii jumla. Ukimwomba atazitandaza chipu uzione, basi. Kwa hiyo jizoeze kuhesabu wewe mwenyewe, na njia rahisi ni kuhesabu watu. Mmoja amepandisha hadi dola 15, wawili wamefuata: tatu mara 15 ni 45. Ongeza madau ya lazima ya waliotupa karata, dola 4, ondoa makato ya kasino, unabaki karibu na 45 ile ile. Kuanzia hapo, kila dau linalofuatwa na mtu mmoja linaongeza poti kwa mara mbili ya dau hilo.

Rangi za chipu Marekani karibu zote ni sawa: nyeupe au bluu ni dola 1, nyekundu 5, kijani 25, nyeusi 100. Meza hizi zimejaa nyekundu. Mnara wa chipu 20 nyekundu ni dola 100, na ukizipanga hivyo utajua mtaji wa jirani yako kwa kutupa jicho tu.

Kuhusu makato: vyumba vingi hukata asilimia 10 ya poti hadi kiwango fulani, mara nyingi dola 5 au 6, pamoja na dola moja au mbili za zawadi maalumu. Texas, ambako poka huchezwa kwenye vilabu vya faragha, unalipia kiti kwa saa badala ya kukatwa kwenye poti. Mahali wanapokata, kwa kawaida hawakati kitu kama mchezo umeisha kabla ya flopi. Maana yake poti ndogo zinazofika flopi ndizo zinazoumizwa zaidi na makato, kwa hiyo kupandisha kwa nguvu mwanzoni kuna faida ambayo wengi hawaihesabu.

Hatua ya 2: Jifunze bei kwa moyo

Kila dau unaloweka ni bei unayomtajia mpinzani. Namba ya kwanza hapa chini ni nafasi anayohitaji kuwa nayo ya kushinda ili kufuata kusimtie hasara. Ya pili ni mara ngapi anatakiwa kutupa karata ili mkwara wa ukubwa huo usikutie hasara wewe.

- Theluthi moja ya poti: asilimia 20; asilimia 25
- Nusu ya poti: asilimia 25, asilimia 33
- Theluthi mbili ya poti: karibu asilimia 29; asilimia 40
- Poti nzima: asilimia 33, asilimia 50
- Poti mara mbili: asilimia 40, asilimia 67

Sasa tuziweke namba hizi mezani. Poti ina dola 60, karata ya nne imeshafunuliwa, wewe una jozi ya juu. Mpinzani ana kopa nne na anasubiri ya tano. Kopa tisa bado hazijaonekana kati ya karata 46 asizozijua, yaani nafasi yake ni karibu asilimia 20. Ukiweka dola 20, analipa 20 kutafuta 80: kwa bei hiyo hapati faida wala hasara. Ukiweka 40, analipa 40 kutafuta 100, na kila anapofuata anakuachia kwa wastani dola 12. Ukiweka 60, anakuachia 24.

Swali la msingi linakuja hapo: je, huyu anayefuata 40 atafuata na 60? Kwenye meza hizi, mtu mwenye kopa nne mara nyingi atafuata vyote viwili. Ameshaamua kabla hujagusa chipu zako. Kama ndivyo, kuweka 40 ni kumpunguzia bei mteja ambaye hakuomba apunguziwe. Weka 60. Ila kuna sharti, na ni zito: kopa ikianguka kwenye karata ya tano naye akaweka dau kubwa, usimlipe. Ukimlipa, utakuwa umemrudishia bei nzuri uliyokuwa umemnyima.

Hatua ya 3: Kabla ya flopi, tafuta bei ya meza yako

Mtu aliyezoea poka ya mtandaoni hupandisha mara mbili na nusu ya dau la lazima. Kwenye meza ya dola 1 na 3 hiyo ni kama dola 7 au 8, na kwa bei hiyo watakufuata watu wanne. Mkiwa watano, hata A-A inakuwa na kazi. Dhidi ya mpinzani mmoja mwenye karata zozote, A-A hushinda karibu asilimia 85 ya wakati. Dhidi ya wanne, asilimia 56. Sisemi A-A inakula hasara kwenye poti ya watu watano, maana bado inachukua zaidi ya fungu lake. Shida ni kwamba baada ya flopi hujui tena umesimama wapi, na meza hizi zimejaa watu wa 7-5 waliopata jozi mbili.

Anza na dola 15. Ongeza dola 5 kwa kila aliyeingia kabla yako kwa kufuata tu zile dola 3. Ongeza tena 5 kama umekaa kwenye madau ya lazima, kwa sababu baada ya flopi utacheza wa kwanza bila kujua wengine wanataka nini. Wawili wameingia, una K-K na umekaa kwenye kitufe cha mgawaji, kiti kinachocheza mwisho baada ya flopi: 25. Karata zile zile ukiwa kwenye dau la lazima: 30.

Kisha tazama matokeo kwa nusu saa ya kwanza. Kama dola 15 inafuatwa na watu wanne kila mara, panda hadi 18 au 20. Kama wote wanatupa, shuka hadi 12. Bei unayoitafuta ni ile kubwa kuliko zote ambayo bado inakupa mtu mmoja au wawili. Inabadilika kutoka meza hadi meza, na hata usiku ukikolea, wakati waliopoteza wameanza kutaka kurudisha hela zao.

Kuna wanaopandisha 25 kwa A-A na 10 kwa 7-6. Najua wapinzani wengi wa hapa hawatazami, lakini yule mmoja anayetazama kwa kawaida ndiye mwenye chipu nyingi. Acha ukubwa ubadilike kwa sababu ya viti na idadi ya watu, usibadilike kwa sababu ya karata ulizoshika.

Mtu mwingine akiwa ameshapandisha na wewe unataka kupandisha tena, weka mara tatu ya dau lake kama utacheza baada yake, mara nne kama utacheza kabla yake, na uongeze dau moja kwa kila aliyefuata katikati. Amepandisha 15, mmoja amefuata, uko nyuma yao: 60. Uko kwenye madau ya lazima: 75. Kosa ninaloliona sana hapa ni kupandisha kutoka 15 hadi 30. Dau hilo linamfanya kila mtu abaki, na linatangaza karata zako bure.

Hatua ya 4: Panga madau matatu kabla ya kuweka la kwanza

Hii ndiyo hatua ninayotaka uisome mara mbili. Watu wengi huamua dau la flopi kwenye flopi, la karata ya nne kwenye karata ya nne, na wanafika mwisho wakiwa na karata nzuri kuliko zote, poti ndogo, na chipu tele ambazo hazikuingia.

Chukua mfano. Umepandisha 15 ukiwa na 8-8, wawili wamefuata, poti 45, umebaki na 285. Flopi: Q ya shupaza, 8 ya uru, 3 ya kopa. Una nane tatu. Mmoja wao anajulikana kuwa mfuataji na mtaji wake unalingana na wako. Unataka zile 285 zote ziwe katikati karata ya tano ikifunuliwa.

Ukiweka 15 kwenye flopi na akafuata mmoja, poti ni 75. Ukiweka 25 kwenye karata ya nne, poti ni 125. Sasa umebaki na 245 mbele ya poti ya 125, na ili uziingize zote unatakiwa kuweka dau la karibu mara mbili ya poti. Mtu mwenye K-Q atalishangaa dau hilo, na pengine atatupa. Ukishusha hadi 60 atalipa. Jumla umepata 100 kutoka kwake.

Sasa fanya hivi: 30 kwenye flopi, poti inakuwa 105. Kisha 75, poti inakuwa 255. Umebaki na 180. Dau la mwisho ni 180 kwenye poti ya 255, karibu asilimia 70, dau la kawaida kabisa ambalo K-Q imeshaona mfano wake mara mbili. 30, 75, 180: jumla 285. Kila hatua ni kama theluthi mbili ya poti au zaidi kidogo, na hakuna iliyomshtua mtu.

Tofauti kati ya 100 na 285 imetokana na dola 15 za ziada kwenye flopi. Poti inakua kwa kuzidishwa. Kinachoongezwa mwanzoni ndicho kinachozaa zaidi mwishoni.

Kwa hiyo kila flopi inapofunuliwa, gawanya mtaji mdogo zaidi kati yako na mpinzani kwa poti. Ukipata kama 6, unahitaji madau matatu ya theluthi mbili. Ukipata chini ya 3, mawili yanatosha: poti 100, umebaki na 275, weka 70, poti inakuwa 240, kisha sukuma 205 zilizobaki. Ukipata 10 na kuendelea, kwa jozi moja usiwe na haraka ya kuingiza zote.

Hatua ya 5: Soma flopi, hesabu watu

Flopi kavu, mathalani K-7-2 za aina tofauti, haimpi mtu cha kusubiri. Mkiwa wawili tu, na wewe ndiye uliyepandisha, theluthi moja ya poti inatosha. Poti ya 30, weka 10. Likiwa mkwara, linahitaji kufaulu mara moja kati ya nne tu, na flopi ya namna hii humkosa mtu mara nyingi zaidi ya hapo.

Flopi yenye njia nyingi, kama J-10-8 yenye kopa mbili, ni habari nyingine. Kila mtu ana kitu: jozi, kopa nne, mfululizo unaokosa karata moja. Hapa ukiwa na karata nzuri weka robo tatu ya poti au poti nzima, mara moja, kabla karata ya nne haijawatisha wateja.

Mkiwa wanne au watano, mkwara uweke mfukoni. Dau kubwa kwa karata nzuri, vinginevyo pita.

Hatua ya 6: Karata ya tano

Sasa hakuna anayesubiri kitu. Swali linabaki moja: ni karata gani dhaifu kuliko zangu zitalipa, na zitalipa kiasi gani?

Una A-Q, mezani kuna Q-8-3-5-2, mpinzani amefuata 30 kwenye flopi na 60 baadaye. Poti ni 225. Karata zinazoweza kukulipa ni K-Q, Q-J, Q-10, labda 9-9 ya mtu mbishi. Wengi katika hali hii hupita kwa woga, na hapo ndipo faida ya meza ndogo inapomwagika. Weka kati ya 80 na 100. Mwenye K-Q ataona dau lisilofika nusu ya poti, atakuna kichwa, atalipa. Kwa mtu mgumu shuka kidogo. Kwa mfuataji wa kila kitu panda hadi 140.

Ukiwa na karata isiyoshindika, na mwenzako ana dalili za kuwa na ya pili kwa ubora, weka poti nzima au zaidi. Mtu mwenye flashi (karata tano za aina moja, kama kopa tano) ya K hatupi mbele ya flashi ya A kwa sababu tu umeongeza dola 80.

Hatua ya 7: Mkwara

Nitakuwa mfupi kwa makusudi. Dau la theluthi mbili likiwa mkwara linatakiwa kufaulu asilimia 40 ya wakati. Mfuataji hatupi asilimia 40, kwa hiyo kwake usipige mkwara hata kidogo. Mtafute mtu mwenye chipu alizopanga vizuri, anayetupa karata mara kwa mara na anayependa kuondoka mezani na faida. Mkiwa wawili tu, kopa ya nne imefunuliwa mezani, na tangu mwanzo umecheza kama mtu mwenye kopa: weka dau lile lile ambalo ungeweka kama kweli unayo. Mkwara wa nusu bei unaonekana kwa urahisi, na ule wa kupita kiasi unahatarisha chipu usizohitaji kuhatarisha.

Hatua ya 8: Weka chipu kwa sheria

Unaweza kuchagua ukubwa sahihi kisha ukaupoteza kwa mkono. Ukitupa chipu moja ya kijani ya 25 mbele ya dau la 10 bila kusema neno, vyumba vya Marekani vitahesabu umefuata tu. Ukiitupa hiyo hiyo baada ya flopi kabla ya mtu yeyote kuweka dau, ni dau la 25 kamili. Ukipeleka chipu mara mbili mbili, kwanza za kufuata halafu za kupandisha, utarudishiwa za pili. Na kupandisha lazima kuwe angalau kwa kiasi cha ongezeko lililotangulia.

Dawa ya yote ni mdomo: tamka kiasi kwanza, kwa sauti, kisha sogeza chipu. Ulichotamka kwa zamu yako kinakufunga.

Hatua ya 9: Soma bei zao

Na wao wanakutajia bei. Mtu anayecheza kabla yako akiweka dola 10 kwenye poti ya 45, mara nyingi ana jozi dhaifu au anasubiri karata na anataka kuiona kwa bei rahisi. Ukiwa na karata nzuri, pandisha hadi 45 au 50. Anayepandisha 25 kabla ya flopi pale ambapo wote wanapandisha 12, mara nyingi ana J-J au 10-10, karata zinazoogopa flopi. Mzee mtulivu aliyefuata kwenye flopi kisha akakupandishia kwenye karata ya nne, hata kwa kiwango cha chini kabisa, ana jozi mbili au zaidi. Na anayekupandishia kwa nguvu kwenye karata ya tano kwenye meza hizi hapigi mkwara isipokuwa kwa nadra sana. Jozi moja, hata iwe A-A, itupe.

Zoezi la nyumbani

Kabla hujakaa mezani, fanya hesabu hizi bila karatasi mpaka zikae kichwani. Poti 36, mtaji 200: gawa madau matatu. Jibu: 24, 56, 120. Poti 60, mtaji 140: mawili. Jibu: 40, 100. Poti 20, mtaji 300: matatu. Jibu: 20, 65, 215, kila moja poti nzima au zaidi. Hilo la mwisho ndilo utakalokutana nalo ukipandisha dola 10 kabla ya flopi na kufuatwa na mtu mmoja, na ni watu wachache watakaokubali kulipa madau matatu ya namna hiyo.